Namba Nane ni Maji Matupu

Wete, Pemba
6 Februari 1956

Mke wangu, Mama Elizabeti,

Salaam nyingi, na kwa mtoto pia. Nimefika salama, ila meli ilitutikisa vibaya, na maandazi yote uliyonifungia yamekwenda kwa samaki. Soud Mjaka alinipokea gatini. Unamkumbuka: yule mwenye karafuu aliyekuja studio mwaka juzi, tukamkalisha mbele ya lile pazia letu la mlima wa theluji, akauliza kama mlima ule ni Usambara. Ulicheka mpaka ukaangusha taa.

Sasa theluji basi. Nimeanza kazi. Kisiwa hiki kina mahali pazuri kila ukigeuka, na mchoraji akipewa picha nitakazoleta, atatuchorea pazia jipya ambalo watu wa Tanga watapanga foleni kusimama mbele yake. Rola ya kwanza ya filamu naituma pamoja na barua hii. Isafishe wewe mwenyewe, usimwachie mtu. Kuna mikeka ya karafuu uwanjani, na njia ya minazi inayoshuka pwani (hiyo piga hesabu ya hatua thelathini kutoka kisimani, ndipo minazi inapokutana vichwa). Namba sita ni mlango wa msikiti wa zamani, umechongwa maua matupu.

Watu wa hapa ni wapole lakini wananitazama kwa jicho la pembeni. Sheha wao, yaani mkubwa wa mji, alikuja jana kuniuliza nani amenituma kupima pwani yao. Nikamwambia sipimi, natafuta mahali pazuri. Akaniuliza, "Pazuri pa nani, yakhe?" Soud akanitetea.

Usishangae mwandiko kuwa mkubwa. Kalamu niliyoazima ni mbovu.

Wako,
Ernesti

*

Ngamiani, Tanga
8 Februari 1956

Baba Elizabeti,

Salaam. Sisi hatujambo. Studio haina shida. Jana nimepiga maharusi wawili na karani mmoja aliyekataa kabisa kuvua kofia.

Rola yako nimeisafisha. Sasa niambie, mume wangu: hii bahari imefanywa nini? Katika picha tano kati ya nane imeinama upande wa kushoto, kama maji yanataka kumwagika. Wewe ndiye uliyenigombeza mwaka mzima, "Dorkasi, nyoosha bahari, Dorkasi, nyoosha bahari," mpaka nikawa nainyoosha ndotoni. Na huo mlango wa maua nimeutafuta nikauona ukuta. Mlango uko nje ya picha. Kamera ulikuwa umeishika wewe, au ulikuwa umempa mtu aichezee?

Mwandiko nao si wa kalamu mbovu. Kalamu mbovu hukwaruza na kudondosha wino. Haifanyi maneno yapande mlima. Umeandika kama mtu ambaye mkono uko mezani na roho iko dirishani.

Neno moja la mwisho, na nauliza tu. Mboni binti Miraji si aliolewa huko huko Wete? Ulinieleza mwenyewe kabla ya ndoa yetu kwamba ulipokuwa ukifanya kazi Pangani ulimposa, wazee wake wakakukataa kwa sababu ya dini, wakampeleka Pemba kwa mume. Sikuliweka moyoni. Lakini siku kumi za mapumziko, Ernesti, ungeweza kwenda Ushongo, mahali pazuri papo, na ungerudi kwako siku ya tatu. Kwa nini Wete?

Jibu kila swali peke yake.

Dorkasi

*

Wete
13 Februari 1956

Mke wangu,

Salaam sana. Bahari imeinama kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya jiwe. Habari ya Mboni binti Miraji siijui, wala sijui kama bado yuko kisiwani. Tusianze mambo ya zamani.

Nakutumia rola ya pili, na hii nina hakika utaipenda. Maji yakipwa, linajitokeza fungu la mchanga mweupe mbele ya kijiji, refu, lina mkunjo kama mundu. Ukitaka kulipata, simama penye mti wa mkandaa uliokatika, saa moja ya asubuhi, jua likiwa mgongoni. Hizo ni namba tatu na namba tano. Namba saba ni kibanda cha makuti anapokaa mama mmoja akisokota kamba za usumba. Alikataa kupigwa yeye, nikapiga kibanda.

Nimezipiga polepole sana. Zamani nilikuwa nikiona pazuri nabofya, napita. Safari hii nasimama, nauliza, nangoja mpaka niwe na hakika kwamba ndipo. Sijui kama utaelewa.

Nitaongeza wiki moja. Bado kuna pwani ya upande wa magharibi sijaimaliza.

Mbusu Elizabeti.

Wako,
Ernesti

*

Ngamiani, Tanga
15 Februari 1956

Ernesti,

Nilikwambia ujibu kila swali peke yake. Umejibu mawili kwa mistari mitatu, na la "kwa nini Wete" umeliruka. Na hilo jiwe lako ni la ajabu, maana nimekuta bahari imeinama mahali patano palipo mbalimbali. Ulikuwa unatembea nalo?

Rola ya pili nimeisafisha jana. Fungu la mchanga ni zuri kweli, siwezi kusema uongo, nimelitazama mpaka dawa ikapoa. Kisha nikaona chini ya picha. Ulisahau kwamba mtu akipiga picha asubuhi na jua liko mgongoni, kivuli chake hulala mbele yake. Namba tatu: vivuli viwili mchangani. Kimoja kina kofia yako, ile iliyopinda ukingo. Cha pili ni cha mwanamke, shungi limeshuka mabegani. Namba tano: wawili wale wale. Na katika zote mbili mkono wako umemwendea yeye, na wake umekujia wewe.

Umenifundisha kusoma picha, mume wangu, kisha ukadhani nitazitazama kama mteja.

Nani huyo? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeolewa nawe miaka sita kanisani Bumbuli, mbele ya baba yangu, nami nina haki ya kujua ni nani anayetembea na mume wangu saa moja ya asubuhi mahali pasipo na watu. Tangu jana sijala chochote. Elizabeti ameniuliza mbona naipiga meza.

Nangoja jina tu.

Dorkasi

*

Wete
20 Februari 1956

Ndugu yangu Timotheo,

Salaam. Bado niko Pemba. Wewe ndiye mtu wa pekee ninayeweza kumwambia ukweli. Hayo ya kutafuta mahali pa kupigia picha nimeyatumia kama kifuniko. Nimekuja huku kwa ajili ya mboni yangu. Ndiyo ninayoiwaza nikiamka na nikilala. Nilidhani siku kumi zitatosha, nikaona sivyo.

Mzee wa hapa hakutaka kunidanganya. Amesema nisiweke matumaini, lakini nami nimemwomba aniruhusu wiki hii moja zaidi. Ulilonionya siku ile Pangani ni kweli, nilichelewa.

Dorkasi asijue kabisa. Unamjua baba yake, mzee wa kanisa. Akisikia nilichokifuata huku, Bumbuli sitakanyaga tena. Nikiwa na hakika nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu.

Nduguyo,
Ernesti

*

Ngamiani, Tanga
22 Februari 1956

Bwana Ernesti,

Nimepokea barua yako, ila si yangu. Kwenye bahasha umeandika jina langu, na ndani umemwandikia Timotheo wa Pangani. Mungu si mwanadamu.

Mboni yangu! Miaka sita nimekusafishia picha, nimekuzalia mtoto, vidole vyangu vimegeuka rangi kwa dawa zako, na hata siku moja sijapata kuitwa mboni yako. Kumbe jina lilikuwa na mwenyewe. Na hukuthubutu hata kumpa herufi kubwa, ukamwandika kwa herufi ndogo kama kitu cha kuficha mfukoni. Na Timotheo, anayekula mezani pangu akiniita shemeji, anajua yote! Na mzee wake, sijui ni baba au ni mume, ana huruma kuliko wewe, maana amekwambia wazi usiweke matumaini.

Sasa sikia. Rola yako ya tatu ilikuja kwa meli hiyo hiyo. Sikuiingiza chumba cha giza. Nimeitoa uani saa sita ya mchana, nikachana gundi, nikaivuta yote juani mpaka mwisho, mbele ya kuku. Kisha nikaitundika kwenye kamba ya nguo pamoja na soksi zako. Imebaki utepe mtupu. Mahali pako pazuri pote pamekwisha, na vivuli vyenu vimekwisha.

Nampeleka Elizabeti kwa mama. Ukirudi, ufunguo wa studio utaukuta kwa jirani.

Dorkasi binti Zebedayo

*

Hospitali, Pangani
25 Februari 1956

Shemeji Dorkasi,

Salaam. Naandika haraka ili barua hii iwahi gari la kesho. Imenifika barua ya Ernesti yenye jina langu juu, lakini ndani amekuandikia wewe. Nimesoma mistari miwili kabla sijatambua, unisamehe. Naiweka humu. Kama mimi nina yako, basi wewe una yangu, na nikikumbuka tuliyokuwa tukizungumza naogopa sana umeielewaje.

Alinikataza nisikwambie. Leo navunja kiapo, maana mimi ni dresa, mhudumu wa wagonjwa, na dresa hawezi kukaa kimya akiona mtu anaumia bure.

Shemeji, Ernesti anapoteza macho. Mboni ya jicho la kulia imefunikwa na ukungu tangu mwaka jana. Alikuja kwangu hapa Pangani akijifanya amekuja kunisalimia, nikampeleka kwa daktari, na daktari akasema amechelewa, hana la kufanya. Tangu Desemba mboni ya kushoto nayo imeanza. Huko Wete kuna mzee, mjomba wa Soud Mjaka, anayesifika kwa dawa za macho. Ernesti akaona bora ajaribu kwa mganga kuliko kukaa akingoja giza, lakini akaogopa baba yako na watu wa kanisa. Zaidi aliogopa wewe. Alisema, "Timotheo, mke wa mpiga picha aambiwe nini?"

Mtu anayeona hachanganyi bahasha, shemeji.

Timotheo

(iliyofungwa ndani)

Wete
20 Februari 1956

Mke wangu,

Barua yako nilisomewa na Soud, maana jua la huku limenichosha macho. Alipofika kwenye vivuli alicheka mpaka akaita watu wa ndani. Huyo mwenye shungi ni mama yake, Bibi Kijakazi, mtu wa miaka sabini na kitu, aliyemkataza sheha asinifukuze pwani. Yeye ndiye anayenionyesha njia na kuniambia palipo pazuri. Ana macho, Dorkasi! Hajawahi kushika kamera, lakini huniambia, "Hapa, baba, hapa maji yametulia na mnazi umejitenga," nami nabofya anapopataja. Ukiona picha nzuri humo, msifu yeye.

Naomba usiwe na hasira nami. Kuna jambo nitakueleza nikirudi. Si la aibu.

Hii ni rola ya tatu, na ndiyo ya mwisho. Isafishe kwa uangalifu kuliko zote ulizowahi kusafisha. Sikuipiga kwa ajili ya pazia, nimeipiga kwa ajili yako. Namba moja mpaka saba ni pwani ya magharibi, kuanzia penye mawe matatu, hatua mia na ishirini kwenda kusini, kila picha hatua zake. Nimezihesabu, nitakutajia.

Namba nane utaona ni maji matupu. Usiitupe. Bibi Kijakazi anasema asubuhi ikiwa nyeupe, ng'ambo ya bahari huonekana milima ya Usambara, bluu, kama moshi uliolala. Mimi sikuiona. Nimeelekeza kamera alikonyoosha kidole yeye, nikaishikilia juu ya ukuta isitikisike, nikabofya. Ni kwenu huko, Mama Elizabeti. Nataka mno kujua kama milima imo. Itazame kwa kioo cha kukuzia, kisha uniambie.

Wako,
Ernesti

*

Ngamiani, Tanga
27 Februari 1956

Kaka Soud Mjaka,

Salaam aleikum. Mistari hii ya kwanza ni yako, maana najua ni wewe unayeisoma. Kwa meli hii hii zitafika barua zangu mbili. Hii, na nyingine ya bahasha ya kaki yenye tarehe 22. Ile niliipeleka posta Alhamisi iliyopita, mfuko wa Pemba ukiwa umeshafungwa, ikalala hapo ikingoja meli hii. Leo asubuhi nimekwenda kuidai. Karani akaniambia barua ikishatiwa sandukuni ni mali ya aliyeandikiwa. Nimelia mbele ya watu, hakunipa.

Nakusihi kwa heshima ya mama yako, ile ya kaki usiifungue. Mpe Ernesti mkononi aiweke. Hii endelea kuisoma, wala usiruke neno.

Ernesti, mume wangu,

Timotheo ameniambia. Usimkasirikie.

Baada ya kusoma, nilichukua kioo cha kukuzia nikarudia namba tatu. Kati ya mkono wako na mkono wa Bibi Kijakazi kuna mstari mwembamba mweusi mchangani. Niliuona tangu siku ile, nikadhani ni kamba iliyotupwa. Ni fimbo. Yeye ameshika mwisho mmoja, nawe mwingine. Mimi ni mtu wa Bumbuli, Ernesti, nimemwona babu yangu kipofu akiongozwa hivyo kwenda kanisani miaka yote ya utoto wangu, na mkono wangu ndio uliokuwa mbele. Duniani hakuna mtu aliyepaswa kuitambua fimbo ile kuliko mimi. Nikaona mapenzi.

Nimeona mengine pia, sasa yanakuja yenyewe. Ulipokanyaga bakuli la dawa Desemba nikakuita mlevi. Ulipoacha kunisomea gazeti nikasema umenichoka. Ulipogeuza kamera kwenye jicho la kushoto nikacheka. Kumbe ulikuwa ukizima karibu yangu, nami nilikuwa nikikuhesabia makosa.

Kuhusu mganga, usiogope. Baba yangu mimi nitamjibu. Ningekupeleka mwenyewe, ningekaa mlangoni nikiimba tenzi za kanisa na mganga akatwanga dawa zake, tungeona nani amechoka kwanza. Uliogopa kuniambia. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa kuwa sasa najua hukukosea sana kuniogopa.

Ningepanda meli hii yenye barua, lakini Elizabeti bado yuko nami, lazima nimfikishe kwa mama kwanza. Nitakuja na ile ya Alhamisi inayofuata, tarehe nane. Naleta kamera ya pili na rola nne. Mwambie Bibi Kijakazi, shikamoo yake, asiitupe ile fimbo. Nitashika mwisho wa mbele. Utanitajia hatua, kuanzia penye mawe matatu, nami nitasimama kila ulipoisimamisha miguu yako. Bahari nitainyoosha. Usipoamini, utaniambia niinyooshe tena, kama zamani.

Umeniuliza kama milima imo katika namba nane. Ningeweza kukwambia imo. Nimeandika hivyo mara mbili katika karatasi nyingine, nikazichana, maana umeshadanganywa na macho yako, usidanganywe na yangu.

Jibu liko ndani ya ile bahasha ya kaki. Imejaa maneno mabaya, na katikati yake kuna habari ya rola ya tatu ambayo sitaki uisikie kwa mdomo wa mtu mwingine. Ilaze chini ya mto. Nikifika nitaifungua mimi, nitakusomea yote, na hapo pa rola nitapasoma mara mbili ili usidhani umesikia vibaya. Ukishasikia, kama bado utataka tushike fimbo moja, tutakwenda pwani asubuhi.

Mkeo,
Dorkasi